Mita yangu ya LUKU ilinionyesha umeme unakoishia (uzi mrefu, njoo na maswali)

Mama Kitunda (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwa miezi mingi nyumbani kwetu tulikuwa tunanunua umeme wa elfu kumi, wiki haijaisha tunanunua mwingine. Mwezi wa pili nikakaa nikajumlisha meseji zote za tokeni zilizokuwa kwenye simu: 52,000. Nyumba ya vyumba vitatu, mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Hatuna kiyoyozi, hatuna hita ya bafuni, tunapikia gesi. Nikasema hapana, humu ndani kuna kitu kinakula.

Nilianza kwa kugombeza watu. Zima taa, zima TV, nani kaacha feni. Ikafika mahali mama mkwe wangu, mtu mzima, anakaa sebuleni gizani kwa kuogopa kuwasha taa ya wati 7. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu baadaye nilipiga hesabu nikakuta taa ile ikiwaka saa tano haifiki hata shilingi 13.

Halafu nikanunua kile kidude cha kuchomeka ukutani, wanachosema kinapunguza umeme nusu kwa nusu. Kijana alikuwa anatembeza barabarani, 25,000. Nilikiweka mwezi mzima, matumizi hayakusogea hata uniti moja. Mdogo wangu akakifungua kwa bisibisi. Ndani mna kapasita moja na kataa ka kijani. Basi.

Sasa nije kwenye lililonisaidia. Tazameni mita zenu. Kwenye uso wake kuna taa ndogo nyekundu inayokonyeza, na karibu yake pameandikwa namba. Yangu imeandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake ikikonyeza mara 1,000, uniti moja imekwenda. Na uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, au wati 100 kwa saa kumi, hesabu ni ile ile.

Kwa hiyo kwa mita kama yangu unahesabu sekunde kutoka mkonyezo mmoja hadi mwingine, halafu unachukua 3,600 unagawa kwa hizo sekunde. Jibu ni wati zinazoliwa muda huo huo. Sekunde 60 ni wati 60. Sekunde 36 ni wati 100. Ukiona inakonyeza kila baada ya sekunde tatu, kuna wati 1,200 zinakwenda mahali.

Siku hiyo saa nne usiku nilizima kila kitu na kuchomoa kila kitu, nikabakiza friji peke yake. Nikakaa kwenye kigoda pale koridoni, simu mkononi kwa ajili ya sekunde, na mwanangu wa darasa la tatu akakataa kwenda kulala, akawa anaitazama ile taa kama anatazama katuni. "Mama, tena!" Sekunde 30. "Tena!" Sekunde 30. Yaani wati 120 kwa friji peke yake, ambazo si za ajabu kwa friji la ukubwa ule. Kilichonishtua ni kwamba tulikaa saa nzima na friji halikupumzika hata mara moja. Friji zima hunguruma, likipata baridi yake linanyamaza, baadaye linaanza tena. Letu lilikuwa halinyamazi. Wati 120 mfululizo saa 24 ni karibu uniti 3 kwa siku, uniti 86 kwa mwezi. Zidisha kwa shilingi 356 ninazolipa mimi kwa uniti: zaidi ya 30,000 kwa friji tu, na ndani yake kuna maziwa, nyanya na samaki wawili!

Nikachukua noti ya elfu mbili, nikaibana kwenye mlango wa friji, nikaivuta. Juu ilishika. Pembeni ilishika. Pembe ya chini, upande wa bawaba, noti ilitoka yenyewe kama vile hakuna mlango. Raba ilikuwa imejikunja, baridi inatoka usiku na mchana. Nilijaribu kuikanda kwa taulo na maji ya moto, ikarudi kwa wiki moja halafu ikajikunja tena. Fundi wa friji mtaani alibadilisha raba nzima kwa 30,000, na tukalisogeza friji shubiri moja kutoka ukutani, maana lilikuwa limegandamizwa kwenye kona linapumulia ukuta. Sasa linafanya kazi kama dakika 25 na kupumzika 35. Kutoka uniti 86 kwa mwezi hadi 36 hivi.

La pili ni taa ya getini. Ni balbu ya zamani ile ya njano, wati 60, na sisi huiwasha jioni na kuizima asubuhi. Nilikuwa naiona ni taa tu. Saa 12 kila siku ni uniti 21 na nusu kwa mwezi. Nimeweka LED ya wati 7, uniti mbili na nusu. Getini panaonekana vizuri kama zamani.

Na king'amuzi. Ukizima kwa rimoti kinabaki kinakula. Changu na TV na sabufa vikiwa "vimezimwa" vilikuwa vinakula wati 10 kwa pamoja, uniti 7 kwa mwezi bila mtu kutazama chochote. Sasa vyote viko kwenye ekstensheni moja yenye swichi, anayelala mwisho anazima.

Pasi niliacha kupiga sare za watoto kila asubuhi, napiga za wiki nzima Jumapili. Pasi inakula sana wakati inapasha, kwa hiyo kuipasha mara tano kwa shati moja moja ni hasara.

Feni hatukugusa. TV watoto wanatazama kama kawaida. Mwezi wa tano tumetumia uniti 68. Kutoka 142.

Mwenye swali aulize. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si fundi, kwa hiyo mafundi mliopo nisahihisheni.

---

Fundi Waya

Dada umeeleza vizuri kuliko mafundi wengi. Naongeza machache ili watu wasipotee.

Si kila mita ni 1000. Kuna zilizoandikwa 1600, kuna 3200. Ukikuta namba tofauti, chukua 3,600,000 gawa kwa hiyo namba, halafu gawa kwa sekunde. Mita ya 1600 inakuwa 2,250 gawa kwa sekunde. Na mita nyingine pasipokuwa na matumizi taa inabaki imewaka tu bila kukonyeza, usishtuke ukadhani umeibiwa.

Kabla ya kupima chombo chochote, anza kwa kuzima mainswichi. Subiri dakika tano. Mita ikiendelea kukonyeza, basi kuna waya umeungwa kati ya mita na mainswichi yako, au kebo yenyewe ina hitilafu. Hapo usiguse, toa taarifa TANESCO. Ikinyamaza, washa mainswichi lakini zima breka zote, halafu washa moja moja huku vyombo vyote vimechomolewa. Breka itakayofanya taa ikonyeze wakati hakuna kilichochomekwa, hapo ndipo umeme unapovuja. Mara nyingi ni waya ulioliwa na panya darini, au soketi ya nje iliyoingia maji, au taa ya bustani.

Umeme unaovujia ardhini mita inauhesabu kama kawaida, na unaua. Ukigusa mlango wa friji au bomba ukahisi kamtetemo kama ka sisimizi, acha kabisa habari ya kubana matumizi, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji) leo hii.

Kuhusu kile kidude: kapasita ina kazi yake viwandani, ambako mteja mkubwa anatozwa pia kwa kVA, yaani ukubwa wa mzigo anaouvuta kwa wakati mmoja. Mita ya nyumbani inahesabu kWh (uniti) peke yake. Hata kama kidude kingefanya kazi yake sawasawa, bili ya nyumbani haiwezi kushuka. Msinunue.

Na msifungue mita. Ile seali ikikatwa unaingia kwenye kesi.

---

Mpangaji wa Buza

Wakuu shikamooni na habari. Mimi niko chumba cha kupanga, tuko wapangaji sita, LUKU moja. Kila mwezi ni ugomvi. Mmoja ana friji na anauza barafu, mwingine ana sabufa na pasi, mimi nina taa moja, feni na chaji ya simu. Tunachanga sawasawa, elfu kumi na moja kila chumba. Ukisema unaambiwa una roho mbaya. Mwezi uliopita umeme ulikatika saa mbili usiku, kila mtu akajifungia chumbani anasubiri mwenzake anunue, tukalala gizani na watoto wadogo ndani ya nyumba.

Mimi nitapimaje kwa hiyo taa nyekundu wakati kuna vyumba sita?

---

Mama Kitunda (mleta uzi)

Pole sana mdogo wangu. Kwa kweli kwako taa nyekundu haitoshi, na tatizo lako kubwa si mwenye friji. Kaa nikupigie hesabu, hii niliifanyia utafiti kwa sababu ya nyumba ya kaka yangu.

Bei za umeme wa nyumbani ziko mbili. Kuna D1, ya mteja mwenye matumizi madogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ambaye analipa 100 kwa uniti, na akizidi 75 kila uniti ya ziada ni 350. Halafu kuna T1, shilingi 292 kwa uniti. Juu yake ongeza VAT asilimia 18, REA (tozo ya umeme vijijini) asilimia 3, EWURA asilimia 1. Kwa hiyo mtu wa D1 uniti inamfikia kwa 122 na wa T1 kwa 356. Ndiyo maana utasikia watu wa D1 wanasema "mimi nanunua 9,150 tu, napata uniti 75". Sio uchawi, ni 75 mara 122.

Sasa nyinyi mnachanga kama 66,000. Toa kodi ya jengo 1,500 inayokatwa kwa mwezi, inabaki 64,500, ambayo kwa T1 ni uniti 181. Gawa kwa sita ni uniti 30 kila chumba. Kila mmoja wenu peke yake ni mteja mdogo kabisa! Lakini kwa kuwa mko kwenye mita moja, mnaonekana ni nyumba moja inayotumia uniti 181, mnalipa bei ya juu.

Zile zile uniti 181 kwa bei ya D1 ni 22,000. Mnapoteza zaidi ya 42,000 kila mwezi bila mtu yeyote kuacha soketi wazi.

---

Mpangaji wa Buza

Dada nimesoma mara tatu. Sasa kila mmoja aweke LUKU yake? Mwenye nyumba hawezi kukubali.

---

Fundi Waya

Si lazima ziwe sita. Mkiwa na mita tatu, vyumba viwili viwili, kila mita inabeba uniti 60 hivi na kubaki chini ya 75. Muuza barafu awekwe na wewe usiye na kitu. Kuunganishiwa umeme mjini ukiwa ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo ni shilingi 320,960 tangu Januari 2022. Mita mbili za nyongeza ni kama 642,000. Kwa akiba ya 42,000 kwa mwezi, pesa inarudi ndani ya miezi 16, mkifanikiwa kuwekwa wote kwenye D1. Hilo la D1 mtaliombea ofisi ya TANESCO, wataangalia matumizi, haliji lenyewe.

Bado kuna gharama ya kutenganisha waya ndani, maana kila mita lazima iwe na mainswichi yake na sakiti zake. Hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea mwenye nyumba: nyumba inabaki kuwa yake, na mita zinabaki kwake hata mkihama. Mwambieni mko tayari kuchangia mkikatwa kwenye kodi ya pango kidogo kidogo.

Akikataa, njia ya muda ni submita. Ni mita ndogo zisizo za tokeni, kila chumba na yake, zinaonyesha namba tu. Kila tarehe moja mnasoma, mnagawana manunuzi kwa uwiano. Haishushi bei, ila inamaliza ugomvi siku hiyo hiyo. Nimefunga nyumba nyingi, watu wakiona namba kwa macho yao wanatulia.

---

Mama Kitunda (mleta uzi)

Na ile 1,500 ya kodi ya jengo ni deni la mwenye nyumba, si la wapangaji. Inakatwa kwenye LUKU kwa sababu ndiko serikali ilikoamua kuikusanyia tangu 2021. Elewaneni naye airudishe kwenye kodi ya pango. Zungumzeni naye kwa upole, mwende watu wawili watatu, mmojawapo awe mtu mzima.

---

Mzee wa Goba

Haya yote ni mazuri lakini mimi nasema mita zenyewe ndizo zinakimbia. Nyumba yangu mimi na mke wangu tu, watoto wameshaondoka. Taa za LED, friji jipya. Uniti 130 kwa mwezi. Mnieleze.

---

Fundi Waya

Shikamoo mzee. Inawezekana, lakini tuhakikishe kabla ya kuilaumu. Zima kila kitu, weka jagi la umeme peke yake. Tazama chini ya jagi wati zake. Likiwa la 2,000, kwa mita ya 1000 taa inatakiwa kukonyeza mara 33 kwa dakika moja. Ikikonyeza 30 hadi 36, mita haina tatizo, kwa sababu umeme wa mtaani hupanda na kushuka kidogo. Ikikonyeza 45, andika, rudia mara tatu, peleka malalamiko ofisini ukiwa na namba mkononi.

---

Mzee wa Goba

Marahaba. Nimerudi baada ya siku mbili na nina la kusema.

Jagi langu wati 1,850, mita imekonyeza mara 31. Nimepiga hesabu, ni sawasawa kabisa. Mita haikimbii. Nimekubali.

Nikafanya lile la breka moja moja kama ulivyomwelekeza dada, usiku. Breka ya nje ndiyo iliyokuwa inaleta mambo. Taa inatulia kabisa, halafu ghafla inakonyeza haraka haraka nusu dakika, inatulia tena. Baada ya dakika nne tano, tena. Nikatoka nje na tochi nikasimama kwenye pampu ya maji. Kweli, inaamka yenyewe, inanguruma, inalala. Hakuna aliyefungua bomba.

Nimezunguka nyumba nzima. Choo cha wageni, kile ambacho hakuna anayekiingia tangu sikukuu. Tenki la kuflashia linavuja taratibu ndani ya bakuli, maji yanashuka bila sauti. Presha ikishuka pampu inaamka kujaza. Usiku kucha, mchana kutwa, sijui kwa miezi mingapi. Kipande cha raba cha elfu tatu.

Nilikuwa nimeshaandika barua ya malalamiko. Ahsante kijana.

---

Fundi Waya

Mzee umefanya kazi nzuri sana. Pampu ya nusu hospawa inavuta kama wati 500 na zaidi ikiwa kazini, kwa mwendo huo ni uniti 40 na kitu kwa mwezi, ukiacha maji yenyewe. Wenye pampu za presha wote: funga mabomba yote usiku, sikiliza. Ikiamka, maji yanavuja mahali.

---

Mnyalu

Nyie wa Dar mnazungumzia feni. Huku Makambako mwezi wa sita na wa saba maji ya bomba yanauma meno. Tuna ile shawa ya umeme ya kuchemsha papo hapo. Tuko watano, LUKU inakwenda kama maji. Nishaurini, kuoga baridi hapana, nina mtoto wa miezi minane.

---

Mama Kitunda (mleta uzi)

Kaka, mtoto aoge maji ya moto, hilo halina mjadala.

Ila hesabu ni hii. Shawa za namna hiyo nyingi ni wati 4,500 hivi. Dakika kumi ni robo tatu ya uniti. Watu watano kila siku ni karibu uniti 4 kwa siku, 112 kwa mwezi. Kwa T1 ni 40,000. Wewe huna tatizo jingine ndani ya nyumba hiyo, ni hilo tu.

Kuchemsha lita moja ya maji kutoka ubaridi wa kawaida ni kama uniti 0.1. Kwa hiyo ukiogea ndoo, lita 6 za kuchemka ukachanganya na baridi, mtu anaoga kwa uniti 0.6 au pungufu. Tofauti si kubwa sana kwa mtu mmoja, ila ndoo haiongezeki. Shawa mtu akisikia joto zuri, dakika kumi zinakuwa ishirini, hasa vijana.

---

Fundi Waya

Mnyalu, kwa baridi ya huko suluhisho la kudumu ni kupasha maji kwa jua. Ile ya mabomba ya kioo juu ya paa. Jua la Nyanda za Juu hata kukiwa na baridi linapasha, na kiangazi chenu mbingu inakuwa wazi. Ni hela nyingi siku ya kwanza, sikufichi. Kwa sasa shawa iweke kwenye joto la kati, si lile la mwisho. Swichi ya kati mara nyingi inatumia karibu nusu ya koili.

Na jamani, zile koili za kuchovya kwenye ndoo, za kuninginiza. Nimeitwa nyumba mbili ambazo mtoto aliingiza mkono kwenye ndoo umeme ukiwa umewaka. Kama ni lazima, chomoa kwenye soketi kwanza ndipo mtu yeyote asogelee ndoo.

---

Kijana wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Huku twaita stima na tokeni ila mambo ni yale yale. Kwetu tangu Aprili 2023 wa bei ya chini ni wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa pili ni hadi 100, halafu wa zaidi ya 100. Kwa hiyo hesabu ya kuchangia mita moja nyumba nzima yatuumiza vile vile. Nitajaribu hii ya taa nyekundu.

Swali langu ni kiyoyozi. Joto la Machi huku silo la kulala na feni peke yake.

---

Fundi Waya

Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinavuta kama wati 1,000 hadi 1,200 kompresa ikiwa kazini. Feni ni 60. Usichague kimoja, vitumie vyote. Kiwashe saa tatu usiku chumba kimefungwa, digrii 26, feni inazungusha ile baridi. Saa tano kizime kwa taima, bakiza feni. Ukuta na godoro vimeshapoa, utafika alfajiri. Na osha chujio lake kila mwezi kwa maji, likiwa na vumbi mashine inateseka bure.

---

Dada Mapishi

Samahanini naingilia. Nasikia Bwawa la Nyerere limekamilika, megawati 2,115, umeme ni mwingi. Serikali inatuhimiza tupikie umeme tuache mkaa. Sasa nyie mnasema tubane. Tufuate lipi?

---

Mama Kitunda (mleta uzi)

Swali zuri sana hili, na ninafurahi umeliuliza.

Bwawa limeongeza umeme kwenye gridi, halijashusha bei ya uniti kwenye simu yangu. Ninachopigania hapa ni uniti zinazokwenda bila kumpa mtu yeyote chakula, mwanga wala baridi. Friji langu lilikuwa linapoza koridoni. Pampu ya mzee ilikuwa inajaza choo kisicho na mtu. Hizo uniti ndizo ningependa ziende kwenye sufuria.

Na sufuria lenyewe linategemea ni lipi. Mwezi uliopita nilipima. Maharage nusu kilo yaliyolowekwa, kwenye presha kuka ya umeme ya lita sita: taa ilikonyeza mara 410 tangu kuwasha hadi kuiva. Uniti 0.4, shilingi 146 kwa T1. Kwa mtu wa D1 ni 50. Jirani yangu ana jiko la koili la wati 1,500, maharage yake saa mbili, ni uniti 3, shilingi 1,070. Maharage yale yale, kutoka duka lile lile. Hii presha kuka inafunga mvuke na imefunikwa pembeni, ikishapata joto inazima yenyewe na kuwaka kidogo kidogo. Koili inapasha jikoni.

Kwa hiyo makande, maharage, nyama ngumu, utumbo: presha kuka ya umeme, nakushauri kwa moyo wote. Chapati na vya kukaanga mimi bado natumia gesi.

Angalizo kwa mliopo D1: mkianza kupika umeme, hesabuni msije mkavuka 75.

---

Dada Mapishi

Mara 410 ulihesabu mwenyewe?

---

Mama Kitunda (mleta uzi)

Mwanangu. Kwa vijiti vya kuhesabia vya shule, kila mia anaweka kijiti pembeni. Nilirudia mwenyewe wiki iliyofuata nikapata 396.

---

Mpangaji wa Buza

Wakuu nimerudi. Jumamosi tulikwenda kwa mwenye nyumba watu watatu, na mama wa chumba cha mbele akatangulia kuongea kwa kuwa ni mtu mzima. Nilikuwa nimeandika hesabu ya dada kwenye karatasi. Mzee aliisoma mwenyewe, akauliza ile 42,000 imetokea wapi, nikamwonyesha. Akakaa kimya. Akasema tatu hapana kwa sasa, mita moja ya nyongeza ataweka yeye mwezi wa tisa akivuna, na 1,500 ya kodi ya jengo amekubali kuitoa kwenye pango. Submita tumenunua sita kwa kuchanga, muuza barafu alichangia mbili bila kuombwa.

Sasa fundi, uniti zetu 181 zikigawanywa mita mbili ni 90 kila moja. Tunazidi 75.

---

Fundi Waya

Hongereni sana. Kwa mita mbili zinatakiwa ziondoke uniti 31 kwa nyumba nzima. Friji la barafu lina raba? Mlango unafungwa vizuri? Taa za koridoni na choo cha nje ni LED au zile za njano? Pimeni hizo kwanza kwa submita kabla ya mwezi wa tisa, nadhani mtazipata. Na nitumie picha ya boksi la breka lilivyo sasa nione kama sakiti zinatenganika bila kubomoa ukuta. Funika namba ya mita kabla hujapiga.